Mchangia Damu Huandaliwa, Haokotwi

Mwito wa kuchangia damu katika miji yetu una sura moja. Hema linasimamishwa kwenye uwanja wa shule, stendi au mbele ya kituo cha afya, kipaza sauti kinawashwa, na wapita njia wanaombwa waingie wakatoe damu leo hii. Anayeitika ana nia njema kabisa. Ila hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, au alikesha ziwani, au wiki iliyopita ndiyo kwanza ametoka kuugua malaria, au anaishi na minyoo ya safura bila kujua. Tone la damu yake linadondoshwa kwenye maji ya buluu ya salfeti ya shaba. Likizama upesi, amepita. Likielea, anaambiwa damu yake iko chini, ajaribu siku nyingine. Wengi wa namna hiyo hawaonekani tena. Hoja yangu ni kwamba mtu huyo hakushindwa pale hemani. Alishindwa wiki kadhaa nyuma, wakati ambapo hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo inakuja na kwamba mwili wake unahitaji kuandaliwa. Kwa Butimba, hapa jijini Mwanza, na mwambao wote huu wa Ziwa Viktoria, kumwandaa mchangiaji kabla ya kumwita ni sehemu ya kuchangia damu, na ndiyo sehemu tunayoiacha.

Tuanze na ukubwa wa haja. Shirika la Afya Duniani husema kwamba nchi inayotaka kukidhi mahitaji yake ya msingi inahitaji wachangiaji wafikao angalau asilimia moja ya watu wake kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliuhesabu Mkoa wa Mwanza kuwa na watu 3,699,872. Asilimia moja yao ni chupa takribani 37,000 kwa mwaka, yaani mia moja hivi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Na hapo tumeuhesabu mkoa mmoja tu. Hospitali ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Mara, Kagera, Geita, Simiyu, Shinyanga na kwingineko, kwa hiyo damu inayotolewa Mwanza haiishii kwa watu wa Mwanza. Chini yake ipo Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, na hapa hapa Butimba ipo hospitali ya Wilaya ya Nyamagana ambako kina mama wanajifungua usiku na mchana. Mia moja kwa siku haipatikani kwa kuwavizia wapita njia.

Wanaohitaji damu hiyo ni akina nani? Katika nchi tajiri, wanaoongezewa damu kwa wingi ni wazee waliopita miaka 60. Katika nchi zenye kipato kidogo mambo yamegeuka: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 54 ya damu inayowekwa huenda kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa Kanda ya Ziwa sababu zake zinajulikana. Malaria huvunja chembe nyekundu za mtoto kwa kasi ambayo uboho wake hauwezi kuifukuzia. Kisha kuna selimundu. Utafiti mkubwa uliotumia maabara ya Bugando kupima sampuli za damu za watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba takribani mtoto mmoja katika watano amebeba kinasaba cha selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja katika mia ana ugonjwa wenyewe. Huyo mmoja ataongezewa damu mara nyingi maishani mwake. Ongeza mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, ambaye saa mbili zinatosha kumuua. Ongeza dereva wa bodaboda aliyevunjika paja. Na uongeze mgonjwa ambaye watu wa mwambao wanamfahamu kuliko wengine: mtu mzima aliyekaa na kichocho cha tumbo miaka mingi, ini likakakamaa, mishipa ya koo la chakula ikavimba, na siku moja akaanza kutapika damu.

Kwa wagonjwa hawa wakati ndio kila kitu. Ng'ambo ya ziwa hili hili, katika hospitali ya Siaya nchini Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa wakiwa na upungufu mkubwa wa damu na wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 1992. Watoto waliokuwa hoi, wakipumua kwa shida, walinusurika zaidi walipowekewa damu siku ile ya kulazwa au siku iliyofuata. Damu iliyocheleweshwa siku mbili au zaidi haikuonyesha faida. Maana yake ni kwamba damu inayookoa ni ile iliyokwisha kuwa kwenye jokofu la hospitali, imepimwa na kujulikana kundi lake, kabla mtoto hajapakiwa kwenye pikipiki kuletwa. Ile ambayo baba anakimbia kuitafuta kwa shemeji na majirani asubuhi inayofuata mara nyingi inafika saa ambazo haisaidii tena.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, ambalo ndilo kongwe: kila ukoo uwe na watu wake, mgonjwa akilazwa ndugu wajitokeze, basi. Utaratibu huo tuliuishi miaka mingi na tunajua ulitupa nini. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wachangiaji 1,599 waliopimwa Muhimbili, ambao karibu tisa katika kila kumi walikuwa ndugu waliokuja kufidia damu ya mgonjwa. Karibu wachangiaji tisa katika kila mia walikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na karibu wanne katika mia na virusi vya Ukimwi. Siwalaumu ndugu hao. Mtu anayemwona mdogo wake akikata roho hana nafasi ya kujibu kwa utulivu maswali kuhusu maisha yake ya faragha. Atasema lolote ili aruhusiwe. Maabara hupima, na kila chupa lazima ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Hata hivyo kipo kipindi cha mwanzo cha maambukizi ambacho vipimo haviyaoni bado, na kinga pekee dhidi ya kipindi hicho ni mchangiaji mkweli anayejijua na anayerudi mara kwa mara. Ndiyo sababu mwaka 2004 nchi ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, wenye kituo cha Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, ili damu itoke kwa watu wa hiari wasio na mgonjwa wodini. Na mtu wa hiari ana kitu kimoja ambacho ndugu wa mgonjwa hana: muda wa kujiandaa.

Maandalizi hayo hayana siri. Mchangiaji awe na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu usiopungua gramu 12.5 kwa desilita. Masharti haya si ubishi wa wauguzi. Mtu ana takribani mililita 70 za damu kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo mwenye kilo 50 ana kama lita tatu na nusu. Chupa moja ni mililita 450, ambazo ni karibu asilimia 13 ya damu yake yote. Chini ya uzito huo mwili unatozwa kupita kiasi. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, lakini madini chuma ndiyo yanayochelewa. Chupa moja huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na tumbo la mtu mzima hufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Piga hesabu, utaona kwa nini mwanamume anatakiwa kusubiri miezi mitatu kabla ya kutoa tena na mwanamke minne. Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwamba sahani ya maini iliyoliwa jioni ya kuamkia siku ya kutoa haibadilishi chochote. Damu ya mwezi Juni hujengwa Aprili na Mei.

Kwa wanawake jambo hili ni zito zaidi. Utafiti wa afya ya uzazi na malaria nchini wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kipimo cha utafiti huo kwa mwanamke asiye mjamzito kilikuwa chini ya gramu 12, ilhali mlango wa kuchangia uko juu zaidi, 12.5. Wapo basi wanawake wengine, wasiohesabiwa kuwa na upungufu, ambao nao watarudishwa. Tukiwaita bila maandalizi tunapoteza karibu nusu yao kabla hatujaanza, na kila mmoja anaondoka akiamini kwamba damu yake haifai. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba anayekataliwa kwa muda mara yake ya kwanza ana uwezekano mdogo mno wa kurudi, hata kama sababu ya kukataliwa ilikuwa ndogo na ya kupita. Sioni sababu ya mwanamke wa Butimba kuwa tofauti. Aliacha genge lake, akapanga foleni, na akapewa habari mbaya mbele za watu bila kuelekezwa la kufanya. Nani angerudi?

Watasema: unawaomba maskini wale nini? Nyama kilo moja inamshinda mtu. Pingamizi hili lina uzito na halijibiwi kwa kumtajia mtu maini na zabibu. Linajibiwa kwa dagaa. Ziwa hili linatoa dagaa ambao huliwa wazima, kichwa na mifupa, na katika vyakula vya bei ya mnyonge ni vichache vinavyobeba madini chuma na protini kwa kiasi chao. Kinachonihuzunisha ni kwamba sehemu kubwa ya dagaa hao inasagwa kuwa chakula cha kuku wakati nyumba zilizo hatua chache kutoka mwaloni zina watoto wenye viganja vyeupe. Maharage, choroko, mchicha, matembele na nsansa navyo vina chuma, ingawa chuma cha mboga hufyonzwa kwa shida kuliko cha samaki. Hapo panahitajika maarifa madogo yasiyogharimu kitu: kukamulia limao au kula embe au chungwa pamoja na mlo huo husaidia chuma kufyonzwa, na chai ya rangi inayonywewa papo hapo na ugali hukizuia. Chai isogezwe saa moja au mbili mbele. Wapo ambao hata wakila hivyo damu haitapanda haraka, hasa wenye hedhi nzito na waliozaa mfululizo; hao wanahitaji vidonge vya madini chuma na uangalizi wa kituo cha afya, na bado wasisukumwe kuchangia mpaka wawe tayari.

Chakula peke yake hakitoshi ikiwa kuna anayekula pamoja nawe tumboni. Minyoo ya safura hunyonya damu ukutani mwa utumbo kila siku, na kichocho hutoboa njia zake kwa uvujaji mdogo usiokoma. Kwa miaka mingi dawa za magonjwa haya zimegawiwa hasa kwa watoto wa shule. Ni jambo jema, lakini limewaacha nje watu wazima, na mtu mzima anayevua, anayefua ufukweni au anayelima mpunga bondeni anaingia kwenye maji yale yale. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipanua mwongozo wake wa kichocho ili tiba ya jumla iwafikie wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo, mahali ambapo maambukizi ni makubwa. Mwito wa kuchangia damu ungeweza kuwa mlango wa kutekeleza hilo. Mtu anayekuja kupimwa wingi wa damu wiki sita kabla, akapewa albendazole na tiba ya kichocho akihitaji, akapimwa malaria na kukumbushwa chandarua, amefaidika hata kama mwishowe hatatoa tone. Mipango ya damu hapa inakutana na mipango ya afya ya kawaida, na fedha ile ile inafanya kazi mbili.

Najua watu wa kampeni watanijibu kwamba haja ni ya leo, watoto wanakufa leo, na kwamba tukiweka hatua nyingi tutawatisha hata wachache waliopo. Simwombi yeyote afunge hema lake. Aliye tayari leo atoe leo. Ninachopinga ni kulifanya hema kuwa mpango mzima. Tena kuna ubaya wa pili katika mtindo wa siku moja ya kishindo. Waswahili wamesema akiba haiozi, lakini hii inaoza: chembe nyekundu hukaa kwenye ubaridi siku 35 hadi 42 kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko, na chembe sahani, zinazozuia mgonjwa wa saratani asivuje damu, hukaa siku tano tu. Damu iliyomiminika kwa shangwe Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, haitamfaa mtoto wa Agosti. Na angalia kalenda yetu. Nguzo ya uchangiaji nchini imekuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, kwa sababu wako pamoja, ni vijana na wanasikiliza. Shule hufungwa Juni na Desemba. Mvua za masika na vuli hukoma karibu na nyakati hizo hizo, na malaria hupanda kuzifuata. Benki ya damu inakaukiwa wakati wodi ya watoto inajaa. Mgongano huo si bahati mbaya. Unajirudia kila mwaka, kwa hiyo unaweza kupangiwa.

Butimba imejaliwa kuwa na watu wa kuupangia. Chuo cha Ualimu kina mamia ya vijana waliovuka miaka 18, wanaokula mahali pamoja kwa miezi mfululizo. Wakiambiwa mwanzoni mwa muhula kwamba wiki ya mwisho kabla ya kufunga watachangia, jiko la chuo linaweza kuwaandaa bila wao kutumia hata shilingi, na damu yao ikaingia jokofuni ili itumike wiki zile za likizo. Wanaondoka pia na elimu hiyo kwenda kufundisha Sengerema, Ukerewe na Magu. Kundi la pili ni wavuvi wa dagaa kwenye mialo ya upande huu wa jiji. Hawa huvua gizani kwa taa na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa kwenye mbalamwezi. Siku hizo wako nchi kavu, wamelala usingizi, na hawatavuta nyavu usiku unaofuata. Aliyetoa damu hatakiwi kufanya kazi ya nguvu siku hiyo, na kizunguzungu ndani ya mtumbwi ni hatari kuliko kizunguzungu kitandani. Mwezi mpevu unajulikana tarehe zake mwaka mzima kabla haujafika. Kwa nini basi gari la damu lisifuate mwezi kama wavuvi wanavyoufuata? Misikiti na makanisa nayo yana kalenda. Mwezi wa Ramadhani, kwa mfano, unafaa kutanguliwa na uchangiaji wa Shaabani, au kambi ihamie usiku baada ya watu kufuturu na kunywa maji ya kutosha.

Lipo pingamizi jingine linalosemwa kwa sauti ya chini: damu tunatoa bure, kisha mgonjwa wetu anatakiwa kulipa. Damu yenyewe haiuzwi, na anayeiuza anatenda kosa. Kuna gharama za kweli za mifuko, vipimo vinne na majokofu yasiyozimwa, na gharama hizo zinatakiwa kubebwa na mfumo, si na mama aliye mezani. Panapodaiwa fedha bila stakabadhi, mwenyekiti wa mtaa na uongozi wa hospitali waambiwe siku hiyo hiyo. Kuficha jambo hilo kwa kuogopa kuharibu kampeni ndiko kunakoiharibu kampeni. Na wapo wanaoogopa majibu. Mtu anayejua wiki sita kabla kwamba atapimwa VVU na homa ya ini ana nafasi ya kupima kwanza kwa faragha, akaanza dawa ikibidi, na akajiondoa bila aibu. Wapo pia wale ambao imani yao, kama Mashahidi wa Yehova, hairuhusu kutoa wala kupokea. Hao waheshimiwe, na wengine tusijifiche nyuma yao.

Siku yenyewe ikifika hayabaki mengi. Mtu alale vizuri, asinywe pombe tangu jana yake, ale chakula cha kawaida kisichojaa mafuta kwa sababu mafuta mengi huichafua damu inapopimwa, na nusu saa kabla ya sindano anywe maji kama nusu lita, ambayo hupunguza sana kuzirai. Kwa hili la mwisho hatuna kisingizio, kwani mtambo wa kusafisha maji ya ziwa uliojengwa Butimba ni wa lita milioni 48 kwa siku. Aseme ukweli kuhusu dawa anazotumia. Mama mjamzito na anayenyonyesha asubiri zamu yake.

Kinachohitajika kubadilika kinaweza kuanzia kwenye ofisi za serikali za mitaa kabla hakijafika wizarani. Tangazo la Juni 14 libandikwe katikati ya Aprili, likiwa na tarehe, mahali, masharti ya umri na uzito, na maelekezo ya chakula na dawa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba, waandikishe majina ya walio tayari na kuwapeleka kupimwa wingi wa damu mapema. Anayekutwa chini ya 12.5 apewe tarehe ya pili papo hapo, na mtu wa kumkumbusha tarehe hiyo. Waliotoa waandikwe kwenye daftari la mtaa pamoja na siku watakayostahili kutoa tena: mwanamume wa Juni 14 ni wa katikati ya Septemba, mwanamke ni wa katikati ya Oktoba, na kila mmoja wao aanze kukumbushwa wiki sita kabla ya siku yake.